Kimiminika Kinachogoma Kuganda

Maji safi yanaweza kupoa chini ya nyuzi sifuri yasiwe barafu. Mwaka 1721 Daniel Gabriel Fahrenheit, yule yule wa kipimajoto, aliyaacha kwenye baridi kali usiku kucha ndani ya chupa iliyozibwa, akayakuta asubuhi bado majimaji. Alipovunja ncha ya chupa, barafu ikatanda papo hapo.

Barafu huhitaji mbegu: molekuli chache zilizojipanga, ili nyingine zizifuate. Mbegu ikikosekana na kimiminika kikazidi kupozwa upesi, mnato hupanda bila kikomo cha wazi. Wanafizikia walikubaliana kukiita kioo pale mnato unapofikia mara trilioni elfu moja ya ule wa maji. Mpaka huo wamejiwekea wenyewe. Picha za eksirei hazioneshi tofauti kubwa: molekuli zimesimama katika vurugu ile ile ya kimiminika. Tena ukipoza polepole zaidi, kioo huanza kwenye joto la chini zaidi, jambo lisilotokea kwa barafu.

Aliyelifanya suala hili liwe kero ni Walter Kauzmann wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1948 alikusanya vipimo vya joto vya gliserini, glukosi na asidi ya laktiki, ile inayochachusha maziwa, akapiga hesabu ya vurugu iliyobaki kadiri vinavyopoa. Mistari ya grafu ilishuka kasi mno. Ikiendelezwa, kimiminika kingefika mahali kikawa na mpangilio zaidi kuliko fuwele yenyewe, kabla hata ya sifuri halisi. Upuuzi mtupu! Kinachookoa hali ni kwamba kioo hutangulia kukamata kila kitu. Kwa nini kitangulie kila mara?

Wengi, badala ya kuhangaika na hilo, walishika hadithi kwamba vioo vya makanisa ya kale ya Ulaya ni vinene chini kwa sababu vinatiririka. Mwaka 1998 Mbrazili Edgar Zanotto alipiga hesabu akaonesha kuwa umri wote wa ulimwengu usingetosha. Unene huo ulitokana na ufundi wa kupuliza kioo.

Giorgio Parisi wa Italia, mshindi wa Nobel ya Fizikia mwaka 2021, na wenzake walipata jibu kamili la kihesabu kuhusu kioo, ila kwa ulimwengu wenye vipimo (kama urefu, upana na kimo) visivyo na idadi. Kwa kioo cha dirishani, chenye vipimo vitatu, wanafizikia bado wanabishana.