Kabla ya Mashine za Bitcoin, Kulikuwa na Jiko la Shauri Moyo

Kila wiki kuna msee ananiandikia: "Bro, naweza kuchimba Bitcoin nikiwa Umoja?" Unaweza, lakini stima itakumaliza. Sababu yake utaielewa vizuri ukianza na historia ya jiko.

Miaka ya 1980, wataalamu walileta Kenya wazo la jiko la makaa kutoka Thailand, lenye umbo la ndoo. Lilikula makaa kidogo kuliko jiko letu la bati, lakini huku watu wanasonga ugali kwa nguvu, na jiko likiyumba sufuria inaenda chini. Baada ya majaribio mengi likabanwa kiuno, likapanuliwa kitako, na udongo wa kuchomwa ukawekwa juu pekee, pale moto unakaa. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakaanza kuligonga kwa wingi. Hilo ndilo jiko liko kwa shosho yako.

Sasa angalia mashine ya kuchimba Bitcoin. Antminer S19 Pro inakula wati 3,250 usiku na mchana, yaani uniti 78 kwa siku. Hata ukipigia hesabu ya shilingi 20 tu kwa uniti, hiyo ni shilingi 1,560 kila siku. Na karibu stima yote hiyo inageuka joto. Ni kama kuacha pasi tatu zikiwaka kwa bedsita bila kuzima, na feni zinapiga kelele majirani wasilale.

Tena Nairobi iko juu, kama mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo feni inapuliza lakini haiondoi joto vizuri. Mtengenezaji mwenyewe anasema ukipita mita 900, kila mita 300 inapunguza digrii 1 ya joto ambalo mashine inaweza kuvumilia.

Ndiyo maana Gridless, kampuni ya Kenya iliyoanza 2022, haikuleta mashine mtaani. Iliziweka kando ya mtambo mdogo wa maji eneo la Mlima Kenya, mahali stima ilikuwa inazalishwa na haina mtu wa kuitumia. Wanakijiji wakiihitaji, mashine zinazimwa. Kule Congo, Hifadhi ya Virunga ilianza kuchimba hivyo hivyo 2020, kwa stima ya mto.

Hiyo ni akili. Lakini kuna kitu kinanikera. Jiko lilitengenezwa hapa kutoka bati hadi rangi, na pesa ikazunguka mtaani. Kwa Bitcoin, mashine inatoka nje, sisi tunaitafutia mto na hewa. Na Aprili 2024 malipo ya kila bloku yalikatwa nusu, kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125. Kwa hivyo msee akikuletea mashine ya mtumba kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini yeye haitaki.

Maoni yangu: weka hiyo pesa kwa ujuzi. Jifunze kurekebisha pawa saplai, kupanga feni kwenye kontena, kuandika programu ya kuzima mashine stima ikipungua. Hizo ni kazi za jua kali, na Eastlands tumezifanya kabla hatujazaliwa. Bitcoin ikianguka kesho, fundi bado ana kazi.