Mfumo wa kuchaji betri ya gari

Mfumo wa kuchaji wa gari ni sehemu za umeme zinazorudisha chaji kwenye betri wakati injini inafanya kazi, na kulisha taa na vifaa vingine. Sehemu zake kuu ni betri, altaneta, regyuleta, mkanda wa altaneta na nyaya. Katika magari ya zamani betri mara nyingi hulaumiwa na kubadilishwa, kumbe hitilafu iko kwingine. Betri mpya nayo huisha chaji baada ya muda mfupi.

Historia

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoa magari yenye stata ya umeme badala ya kuwashwa kwa hendeli. Hadi miaka ya 1960 magari mengi, zikiwemo Land Rover za mwanzo zilizotumika sana Afrika Mashariki, yalichaji kwa dinamo. Altaneta ilichukua nafasi yake kwa kuwa hutoa umeme wa kutosha zaidi injini inapozunguka polepole.

Utendaji

Injini huzungusha altaneta kwa mkanda. Altaneta huzalisha mkondo geu, na daiodi zilizo ndani yake huubadilisha kuwa mkondo mnyoofu unaofaa betri. Regyuleta huzuia volti zisipande kupita kiasi. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikiwa na takriban volti 2.1.

Dalili za hitilafu

* Taa ya betri kwenye dashibodi inabaki imewaka baada ya injini kuwaka.
* Taa kubwa zinafifia injini ikizunguka polepole na kung'aa ikiongezwa mafuta.
* Mkanda unapiga kelele, au stata inazunguka kwa uvivu.
* Maji ya betri yanapungua haraka. Hii huweza kuonyesha kuwa chaji imezidi.

Upimaji

Upimaji huanza na vitu rahisi:

1. Mkanda: kama umelegea au umepasuka, altaneta haizunguki ipasavyo.
2. Vichwa vya betri: unga mweupe au wa kijani husafishwa, kisha vichwa hukazwa. Waya hasi unaounganisha betri na bodi na injini hukaguliwa pia.
3. Betri, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa: volti 12.6 ni chaji kamili, takriban 12.0 ni betri iliyokaribia kuisha.
4. Betri, injini ikiwaka: kwa kawaida volti 13.8 hadi 14.5. Zisipopanda, altaneta haichaji; zikizidi 15, regyuleta ina kasoro.
5. Altaneta ikitoa volti 14 lakini betri ikipata pungufu sana, kosa liko kwenye nyaya au viungio.

Betri ikiisha gari likiwa limeegeshwa, huenda kuna kifaa kinachovuta umeme. Mvuto wa ampea 0.5 humaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku tano.

Safarini

Barabara kuu kutoka Korogwe kwenda Same hupita Mombo na Mazinde, katika tambarare yenye joto chini ya milima ya Usambara. Joto huharakisha kupungua kwa maji na kuchakaa kwa betri. Altaneta ikifa usiku, taa kubwa mbili za wati 55 pekee huvuta takriban ampea 9, hivyo hata betri nzima hudumu saa chache tu. Gari la petroli huzimika betri ikiisha. Gari la dizeli la zamani huweza kuendelea kutembea, lakini bila taa, jambo ambalo ni hatari zaidi. Taa ya betri ikiwaka njiani, dereva huzima vifaa visivyo vya lazima na kutafuta fundi kabla ya giza.

Usalama

Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Moto na sigara haviruhusiwi karibu nayo. Wakati wa kufungua betri, waya hasi hutangulia kutolewa, na wakati wa kufunga hurudishwa mwisho. Kutoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kupima altaneta kunaweza kuunguza daiodi.