Kadi ya bima ya kazini: dawa zipi zinalipwa, zipi utalipa mwenyewe

Mwaka jana, mwezi wa 11, nilisimama dirishani kwenye duka moja la dawa hapa Mombasa, kidole nishakiweka kwenye mashine. Dada akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, humu imebaki shilingi 700." Dawa za sukari na presha za mke wangu ni Sh4,500 kwa mwezi. Nikachukua za siku nne, nikarudi nyumbani.

Usiku ule nikatoa ile karatasi ya bima niliyotia sahihi bila kuisoma. Matibabu ya kutolazwa, familia nzima, Sh50,000 kwa mwaka. Nikapiga hesabu: 4,500 mara 12 ni 54,000. Yaani bima ilikuwa haitoshi tangu Januari, kabla mtoto hajashikwa hata na homa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mwenzangu hujigamba kuwa bima yake ni ya milioni moja, kumbe hiyo ni ya kulazwa. Dawa unazoandikiwa ukarudi nazo nyumbani hutoka kwenye fungu la kutolazwa, na fungu hilo huwa dogo. Pia bima nyingi huwa na kikomo cha ndani kwa maradhi ya kudumu kama sukari, presha na pumu, na nyingine huweka muda wa kungoja kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuandikishwa. Kwa hivyo muulize afisa wa wafanyakazi maswali haya: fungu la kutolazwa ni kiasi gani, ni la kila mtu au la familia, na maradhi ya kudumu yamewekewa kikomo gani?

Halafu kuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya hospitali na maduka ya dawa yanayokubali kadi yako. Ukinunua kwengine, huenda usirudishiwe pesa, na hata ukirudishiwa watataka risiti pamoja na karatasi ya daktari. Ya pili ni ya vitu visivyolipiwa: mara nyingi vitamini, dawa za urembo, na chochote ulichonunua bila kuandikiwa na daktari. Dawa za bei kubwa huhitaji idhini kwanza. Usiondoke hospitalini kabla idhini haijajibiwa, maana ukishafika Likoni kurudi ni kazi.

Kilichotuokoa sisi ni jina la dawa. Daktari alikuwa akiandika Glucophage. Tulipomweleza hali, akaandika metformin, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo, ila hutengenezwa na kampuni nyingi na bei iko chini. Presha naye akaandika amlodipine kwa jina hilo hilo. Lakini abadilishe daktari, si wewe wala jirani.

Na lile kato la asilimia 2.75 ya mshahara linalokwenda SHA tangu Oktoba 2024 ni jambo jengine. Halizuiliwi na bima ya kazini, nawe unayo haki ya kulitumia. Hakikisha wewe na wanaokutegemea mmesajiliwa, kwani zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba huhudumia waliosajiliwa kwa Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi.

Mwajiri akikwambia dawa si shughuli yake, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 34, inamtaka ahakikishe mfanyakazi anayeugua anapata dawa zinazofaa, mradi umemjulisha kuwa unaugua. Mjulishe kwa maandishi, ubaki na nakala. Kampuni ya bima ikikataa dai bila sababu, idai sababu kwa barua, kisha peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Ila uliza kwanza: waajiri wengine hawakati bima, hulipa wenyewe kupitia mfuko wao. Hapo barua yako inaanzia kwa mwajiri.

Mimi siku hizi kila mwisho wa mwezi naulizia salio dirishani kabla sijatoa karatasi ya daktari.