Mfupa wa Ishango katika Ensaiklopedia: Kalenda au Hesabu?

Mnamo mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Kibelgiji, alichimbua huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita kumi hivi. Katika ncha yake moja kilikuwa kimepachikwa kipande cha jiwe gumu, na ubavuni mwake zilikuwa zimechanjwa alama katika safu tatu. Mahali hapo palikuwa ndani ya Hifadhi ya Albert, ambayo leo huitwa Virunga. Yeyote anayepanga vidahizo vya ensaiklopedia ya Kiswahili kuhusu kalenda za kale hana budi kukutana na mfupa huo mapema, na kuamua pa kuuweka: chini ya kalenda, chini ya hisabati, au chini ya akiolojia. Uamuzi huo si wa utaratibu wa alfabeti tu. Msomaji anayeukuta mfupa chini ya neno “kalenda” hataona sababu ya kuuliza kama kweli ni kalenda.

Alama zenyewe hazina ubishi mkubwa. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ile ya kati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza zina jumla ya 60 kila moja, na ya kati ina 48. De Heinzelin, katika makala aliyoyatoa mwaka 1962, aliona humo mchezo wa hesabu wa watu waliohesabu kwa kumi. Mwaka 1972 Alexander Marshack, Mmarekani aliyekwisha kuzichunguza alama kwa hadubini, alizisoma kwa njia nyingine: 60 ni karibu miezi miwili ya mwandamo, na alama zote 168 ni karibu miezi sita. Kwa hiyo, alisema, mtu wa Ishango alikuwa akiufuata mwezi.

Usomaji huo unavutia, na mtu anayeishi kando ya Ziwa Kivu hawezi kuudharau. Wavuvi wa sambaza katika ufuo wa Minova huvua usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hupoteza nguvu yake na mavuno hupungua. Basi mvuvi huhesabu usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi bila kufundishwa na mwanafalaki yeyote. Ishango nako waliishi wavuvi: uchimbaji ulitoa vyusa vya mifupa kwa wingi. Lakini kwamba jambo lingeweza kufanyika si ushahidi kwamba lilifanyika. Mvuvi wa Minova huijua hesabu yake bila kuchanja mfupa, na aliyechanja mfupa pengine alihesabu ngozi, samaki au wageni. Tena namba ikikaribia 30 au 60, ni rahisi mno kuiona kuwa mwezi.

Hapa ndipo mfano wa Amerika ya Kati unapofaa. Wamaya walikuwa na mzunguko wa siku 260, yaani namba 13 zikizunguka pamoja na majina 20 ya siku, na mwaka wa siku 365 uliogawanywa katika miezi 18 ya siku 20, pamoja na siku 5 zilizoogopwa. Mizunguko hiyo miwili ilikutana tena kila baada ya miaka 52. Haya hayajulikani kwa kukisia kutokana na jumla za mikwaruzo. Askofu Diego de Landa, aliyechoma vitabu vya Wamaya huko Maní mwaka 1562, ndiye huyo huyo aliyeandika majina ya siku na miezi yao. Ernst Förstemann, mkutubi wa Dresden, alifumbua hesabu zao kutoka kitabu kilichosalia mjini humo. Na katika nyanda za juu za Guatemala wapo wazee ambao hadi leo huzihesabu siku 260. Kuna maandishi, kuna majina, kuna wenyewe. Ishango kuna mfupa, na aliyeuchonga hakuacha neno.

Kuna hofu, wala si hofu ya bure, kwamba kuunyima mfupa huo jina la kalenda ni kurudia dharau ya zamani dhidi ya Afrika, hasa kwa kuwa mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, na mwanafunzi wa Minova husikia habari zake kutoka ng'ambo. Hata hivyo hofu hiyo haimfai mhariri. Mfupa haupungukiwi na kitu. De Heinzelin aliukadiria kuwa na umri mdogo kuliko unaokubaliwa sasa. Utafiti wa miaka ya 1980 na baadaye katika bonde la Semliki umeusogeza hadi miaka 20,000 hivi, ikiwa si zaidi. Kwamba mtu wa wakati huo alipanga alama kwa mafungu ni jambo kubwa bila kuongezewa chumvi. Ukiongezewa, atakayeigundua chumvi ataitupa na nyama. Si kwa bahati kwamba juzuu ya kwanza ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, iliyohaririwa na Joseph Ki-Zerbo, iliweka mbinu za utafiti mbele ya masimulizi.

Ajabu ni kwamba, wakati mfupa unapogombaniwa, kalenda ya Waswahili wenyewe hupewa mistari michache. Pwani palikuwa na hesabu mbili zilizokwenda sambamba. Ya mwezi ilifuata dini, lakini majina yake mengi ni ya Kibantu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, yakihesabiwa tangu kumalizika kwa Ramadhani. Ya jua ilianza siku ya Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Tangu siku hiyo siku zilihesabiwa kumi kumi, kila kumi ikaitwa mwongo. Miongo 36 na siku 5 za ziada zilitimiza mwaka. Nahodha aliyengoja kaskazi au kusi, na mkulima aliyengoja mvua, aliuliza ni mwongo wa ngapi. Makunduchi, Unguja, siku hiyo ya mwaka mpya bado husherehekewa kwa Mwaka Kogwa. Kwa kuwa hesabu hiyo haikuongeza siku kila mwaka wa nne, Nairuzi imerudi nyuma polepole: katika karne ya 19 iliangukia Agosti, sasa huangukia Julai. Mwaka wa Wamaya wa siku 365 nao haukuwa na siku ya kuongeza.

Mfanano huo usimpeleke mtu mbali. Misri ya kale nayo ilihesabu mafungu 36 ya siku kumi na siku 5 juu yake, na njia iliyopita Uajemi inaeleweka zaidi kuliko njia yoyote ya kuvuka Atlantiki. Kwa Wamaya, kinachofaa kulinganishwa ni hesabu, si nasaba.

Nalo neno halikufa, limehama tu. Mwongo, ambao wengine huandika muongo, sasa ni miaka kumi, na wengi wanaolitumia redioni hawajui kwamba liliwahi kuwa siku kumi za baharia. Majina ya siku nayo yana historia yake. Pwani mosi ni Jumamosi. Bukavu na Minova Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, na Jumamosi ni siku ya posho, jina linalokumbusha mgao wa chakula wa wafanyakazi. Kidahizo cha “juma” kisichotaja posho kitakuwa kimeandikwa kwa ajili ya pwani peke yake.

Mpangilio unaofaa, basi, ni huu. “Ishango” kiwe kidahizo cha akiolojia, chenye alama zote na umri wake, na usomaji wa Marshack utajwe kwa jina lake na kwa mwaka wake. “Kalenda” kianze na Nairuzi na Mfunguo, kisha kiende Misri, Uajemi na kwa Wamaya. Na “mwongo” kipewe maana zote mbili, ya siku ikitangulia.