Mingles: Mgahawa wa Seoul wenye kitindamlo cha pilipili

Ukiambiwa kitindamlo kina soya na pilipili, utadhani umeletewa sahani ya mwenzako. Kumbe ndiyo sifa ya Mingles, mgahawa wa mpishi Mingoo Kang jijini Seoul, Korea Kusini. Ulifunguliwa 2014, na mwaka 2025 ukapata nyota 3 za Michelin.

Siri ni jang, yaani viungo vya soya iliyochachushwa ambavyo Wakorea huungia mchuzi na mboga. Kang huvitia kwenye vitamu: doenjang kwenye krimu, ganjang kwenye njugu za pecan, na gochujang, yenye pilipili, kwenye nafaka, pamoja na aiskrimu ya vanila.

Hapa huagizi sahani moja moja. Chakula huja kwa awamu. Kama huli nguruwe au hutumii pombe, sema mapema unapoweka nafasi.