Sikio Moja kwa Umati, Jingine kwa Hedifoni

Mwaka 1970, kwenye Mtaa wa 43 Magharibi mjini New York, jengo lililokuwa kanisa la Wabaptisti wa Kijerumani lilikuwa limegeuzwa ukumbi wa dansi. Ukumbi uliitwa Sanctuary, na mashine za santuri ziliwekwa pale palipokuwa madhabahu. Aliyezisimamia ni Francis Grasso, kijana wa Brooklyn ambaye hakuwahi kupanga kuwa DJ. Aliumia katika ajali ya pikipiki, akashauriwa acheze dansi ili miguu ipate nguvu, akaishia kuwa mcheza dansi wa kulipwa. Usiku mmoja DJ Terry Noel alichelewa kufika katika klabu ya Salvation II, Grasso akaombwa ashike zamu. Zamu hiyo hakuirudisha.

Wakati huo kazi ya DJ ilikuwa kuchagua nyimbo na kuzipanga vizuri. Wimbo mmoja ukiisha unaingia mwingine, na katikati wachezaji wanahangaika kutafuta hatua mpya. Grasso aliuingiza wimbo wa pili wakati wa kwanza bado unapiga, ngoma juu ya ngoma, kiasi kwamba mguu wa mchezaji haukuhisi mpaka. Anakumbukwa hasa kwa kuchukua sauti za “Whole Lotta Love” ya Led Zeppelin na kuzilaza juu ya ngoma za “I'm a Man” ya kundi la Chicago, zikaenda pamoja kwa muda mrefu.

Ugumu wa jambo hilo ni rahisi kuusahau leo. Nyimbo zile zilipigwa na wapiga ngoma wa kweli, na mpiga ngoma hata awe hodari namna gani, kasi yake hupanda na kushuka akipata mzuka. Kwa hiyo Grasso hakuweza kuzilinganisha nyimbo mara moja akatulia. Ilimbidi asikilize muda wote, vidole vikiwa kwenye sahani, akiisukuma kidogo au kuizuia. Tena ilimlazimu ausikie wimbo unaokuja kabla umati haujausikia. Hapo ndipo hedifoni ilipogeuka kuwa chombo cha kazi.

Historia ya ufundi huu husimuliwa zaidi kupitia mashine za santuri, na mashine hizo zinastahili sifa zake. Lakini naamini kiini chake kimo katika swichi moja ndogo: ile inayompa DJ nafasi ya kusikia kitu ambacho ukumbi mzima hausikii. Mwaka 1971 fundi Alex Rosner, aliyenusurika mauaji ya Wanazi akiwa mtoto, alimtengenezea Grasso miksa kwa ajili ya klabu ya Haven. Ilipakwa rangi nyekundu, ikapewa jina la Rosie. Kwa miksa hiyo DJ aliweza kuelekeza wimbo wowote kwenye hedifoni bila kuugusa uliokuwa ukipigwa ukumbini. Muda si mrefu Rudy Bozak, mtengenezaji wa vyombo vya sauti, akatoa miksa ya kuuzwa madukani iliyofuata wazo hilohilo, na klabu kubwa zikaanza kuinunua.

Huko Bronx vijana hawakuwa na fedha za Bozak. Mmoja wao, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisomea ufundi wa umeme shuleni, alimwendea Pete DJ Jones, DJ wa disko aliyekuwa akiunganisha nyimbo bila pengo, na akaruhusiwa kujaribu vyombo vyake. Alipovaa hedifoni akagundua siri: Jones alikuwa akiusikia wimbo wa pili kabla ya watu. Kijana huyo, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Grandmaster Flash, alirudi nyumbani, akatafuta swichi ya bei ndogo, akaibandika kwenye kifaa chake kwa gundi, na akapata njia yake mwenyewe ya kuchungulia wimbo kwa sikio. Kwa swichi hiyo na santuri mbili za wimbo mmoja aliweza kurudia kipande cha ngoma mara nyingi alivyotaka, bila kupoteza hata mdundo.

Wajapani nao wakaingia. Kampuni ya Matsushita ilitoa Technics SL-1200 mwaka 1972 kama mashine ya kusikilizia muziki nyumbani. Mota yake iliizungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda, kwa hiyo sahani ilishika kasi upesi na haikulegea ikiguswa. MaDJ waliipenda kwa sababu ambazo watengenezaji hawakuzitarajia. Toleo la pili, la mwaka 1979, lilikuwa na kitelezo kirefu cha kubadili kasi kwa asilimia 8 juu au chini. Karibu kila aliyejifunza kumiksi katika miongo miwili iliyofuata alijifunza kwa kitelezo hicho.

Anajifunza nini hasa? Chukua wimbo wa midundo 120 kwa dakika na mwingine wa 121. Tofauti hiyo haisikiki ukizipiga kwa zamu. Zipige pamoja na kila mdundo utaachana na mwenzake kwa takriban milisekunde 4. Baada ya midundo 16 pengo limepita milisekunde 60, na ngoma iliyokuwa moja inasikika mbili, kama farasi anayekimbia. Mwanafunzi hutambua upesi kwamba nyimbo zimeachana. Kinachomtesa ni kujua ipi imetangulia. Hakuna njia ya mkato hapa: unapunguza kasi ya wimbo ulio kwenye hedifoni, na pengo likizidi kupanuka, basi ulikosea upande. Baada ya muda sikio huanza kujua lenyewe. Mazoezi mazuri ya mwanzo ni yale ya Flash, santuri mbili za wimbo uleule, maana hapo kosa lolote ni la kasi tu na si la wimbo.

Sikio moja hubaki ndani ya hedifoni na jingine hubaki wazi kwa ajili ya ukumbi. Na hapa wanafunzi wengi wanapotea, kwa sababu spika za ukumbi husema uongo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Spika kubwa ikiwa mita 34 kutoka kwa DJ, anachokisikia kimechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa wimbo wa midundo 120 hiyo ni moja ya tano ya mdundo. DJ akioanisha hedifoni na sauti hiyo, wachezaji watasikia vurugu huku yeye akiamini kila kitu kimekaa sawa. Ndiyo maana huwekwa monita, spika yake mwenyewe, hatua moja au mbili kutoka sikioni. Nayo isipigwe kwa nguvu ya kushindana na ukumbi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inapendekeza sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8, na kila ikipanda kwa desibeli 3 muda upungue nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. DJ hupiga usiku kucha, na sikio likishaharibika halirudi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mtihani ambao vitabu vya New York havikuuwaza. Rumba ya Kongo mara nyingi huanza taratibu, mwimbaji akibembeleza, kisha magitaa yanafungua sebene na kasi inabadilika ndani ya wimbo uleule. DJ anayetaka kutoka sebene hadi sebene lazima aujue wimbo mzima kwa moyo, avizie mahali pa kuingilia, na aendelee kurekebisha kwa mkono maana mpiga ngoma wa studio naye alikuwa binadamu. Upande mwingine kuna singeli ya uswahilini Dar es Salaam, inayokwenda kwa midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa midundo 240, lile pengo la milisekunde 60 ni karibu robo nzima ya mdundo. Kosa ambalo disko lingelisamehe, singeli hailivumilii hata sekunde moja.

Siku hizi programu za kompyuta husoma kasi ya wimbo na kuoanisha kwa kubonyeza kitufe, na tangu mwaka 2012 kitufe hicho kimo hata kwenye mashine za Pioneer zinazotawala vilabu. Sina ugomvi nacho. Kwa muziki uliotengenezwa kwa kompyuta kinafanya kazi safi na kumwachia DJ muda wa kuchagua nyimbo. Mpe rumba ya mwaka 1975, programu itachora mistari yake ya midundo pale inapodhani ngoma ipo, na kufika kwenye sebene mistari hiyo imeshahama. Hapo DJ anakizima kitufe, anavuta hedifoni kwenye sikio moja, anaishusha monita kidogo, na anaanza kusukuma sahani kwa kidole.