Mlima wa Nani?

Mgeni afikaye katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, huonyeshwa kwanza Chatsworth, kasri la ukoo wa Cavendish. Ni jengo la fahari, wala sikatai. Lakini kwangu mimi, kumbukumbu kubwa zaidi ya jimbo hilo haina paa wala nguzo. Ni mlima Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636.

Zamani mlima huo ulifungiwa watu ili matajiri, wakiwemo wenye Chatsworth, wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, waliupanda bila ruhusa, wakakabiliana na walinzi. Watano walifungwa gerezani, akiwemo Benny Rothman, kijana wa miaka 20.

Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District, ulimo mlima huo, ikawa hifadhi ya kwanza. Mwaka 2002 mwenye Chatsworth aliomba radhi hadharani kwa kitendo cha babu yake.

Basi msomaji, tusifupo uzuri wa mahali, tuulize pia ni nani waliozuiwa kuuona.